Jeraha la mkimbizi na lugha ya kulitibu

Kitenzi "kusikia" ni miongoni mwa vitenzi ambavyo sisi walimu wa Kiswahili huvipita mbio darasani kwa kudhani kwamba havina la ajabu. Mtu husikia kengele, husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu. Masikio na mwili mzima hugawana neno moja, na katika miaka yangu yote ya kufundisha isimu hakuna mwanafunzi aliyewahi kuinua mkono kuuliza kwa nini. Wala mimi sikujiuliza, mpaka siku nilipoelezwa jinsi kitenzi hicho kilivyosababisha mwanamke mmoja kutoka Kivu ahesabiwe kuwa mwendawazimu katika nchi ya ugenini.

Mkasa huo nilisimuliwa mwaka 2023 na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni mkalimani katika mji mmoja wa Marekani. Mama mwenyewe alikuwa amepewa makao mapya huko baada ya kuishi kambini kwa miaka mingi. Alipofikishwa mbele ya daktari, mkalimani wake alikuwa sauti tu katika simu, na kwa lafudhi alikuwa Mkenya. Daktari akauliza swali la kawaida katika fani yake, nayo sauti ikalifasiri bila kosa la kisarufi: "Je, huwa unasikia vitu ambavyo watu wengine hawavisikii?" Yule mama akajibu, "Ndiyo, niko nasikia mingi, usiku na mchana." Daktari akaandika kwamba mgonjwa husikia sauti zisizokuwapo, akampa dawa za watu wa namna hiyo. Dawa zikamlaza. Kwa muda wa miezi minne alikuwa haamki kuwaandalia wanawe chai ya asubuhi.

Ndipo siku moja mwanafunzi wangu alipoitwa kufasiri akiwa ameketi chumbani humo humo. Yeye aliuliza vingine: "Mama, ukisema unasikia, ni masikio yanasikia ama ni mwili?" Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akaweka kiganja kifuani. Ni moto, akasema, umekuwa ukiwaka hapa tangu usiku ule walipokuja. Hakukuwa na sauti yoyote.

"Mwalimu," akaniambia mwanafunzi wangu alipomaliza, "hilo halikuwa katika mtihani wako."

Hakuwa na nia ya kunilaumu, lakini neno lake limenikaa. Ndilo linalonisukuma leo kuandika juu ya jambo ambalo huachiwa madaktari na mashirika ya misaada, hali sehemu yake kubwa ni kazi ya watu wa lugha: jinsi ya kuwasaidia waliojeruhiwa nafsi kwa vita, wakakimbia, kisha wakapelekwa kuanza maisha upya katika nchi ambazo hawazijui.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani yasiyotuhusu. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka 30 maelfu ya watu wameondoka huko, wakapitia Nairobi na kupanda ndege. Wengine wametoka Nyarugusu mkoani Kigoma, wengine Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Katika mwaka wa fedha wa 2019 Marekani ilipokea wakimbizi 30,000, na karibu 13,000 miongoni mwao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wa hao huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo lugha tunayoitungia mitihani hapa Kenya ndiyo inayotumika katika zahanati, shule na mahakama za miji ambayo wengi wetu hatujapata kuiona hata katika ramani.

Madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa huu, ule unaomfanya mtu aendelee kuishi ndani ya maafa yaliyokwisha kupita, katika mwongozo wao wa maradhi ya akili mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika. Yaliyofuata ni marefu na sitayasimulia hapa. Linalotuhusu ni wazo lililokuja kutiwa nguvu mwaka 2014, idara ya serikali ya nchi hiyo inayoshughulikia afya ya akili ilipochapisha mwongozo juu ya huduma inayozingatia majeraha ya nafsi. Wazo lenyewe si gumu. Kila anayempokea mtu, kuanzia bawabu hadi daktari, ajue kwamba huenda aliyesimama mbele yake amejeruhiwa, azitambue dalili, aurekebishe mwenendo wake, na zaidi ya yote asimtoneshe kidonda. Kwa vitendo, hiyo ina maana ya kumweleza mtu kabla ya kumgusa, kumwachia kiti anachoweza kuonea mlango, kutomweka mlinzi mwenye sare na rungu mbele ya chumba cha ushauri, na kumwachia yeye aamue aseme lipi, lini, na mbele ya nani.

Hapa yafaa nitoe tahadhari. Kuna mtindo wa kuwatazama wakimbizi wote kama wagonjwa, na mtindo huo ni dharau iliyovaa joho la huruma. Mwaka 2005 watafiti waliokusanya uchunguzi 20 kuhusu wakimbizi wazima wapatao 7,000 waliokuwa wamepewa makao mapya katika nchi saba za Magharibi walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Waligundua kwamba takriban mmoja kati ya kila 10 alikuwa na ugonjwa huo niliouelezea. Kiwango hicho chaweza kuwa mara 10 zaidi ya kile cha Wamarekani wa umri huo huo, na si jambo la kupuuza. Lakini kumbe tisa kati ya 10, pamoja na yote yaliyowafika, hawakuwa nao. Huzuni si ugonjwa, na kumlilia ndugu aliyeuawa si dalili ya kuandikwa katika faili.

Turudi kwenye maneno. Katika nyaraka nyingi zinazofasiriwa siku hizi, jeraha la nafsi huitwa "kiwewe". Neno hili halinitoshi. Kwa Mswahili, kiwewe ni fadhaa ya ghafla: mtu hushikwa na kiwewe aonapo nyoka, akatulia nyoka akishaondoka. Halibebi maana ya jambo linalokaa miaka 20 na kuamka usiku. "Jeraha" ni afadhali, kwa kuwa jeraha lina kidonda, lina kovu, na laweza kutoneshwa. Kuna na "ugonjwa wa akili", ambalo kitaalamu halina ubaya, lakini mtamkie mzee wa Kiafrika uone atakavyosimama na kuaga. Kwake akili zikiugua ni kichaa, na kichaa ni wa kufungwa kamba. Sishangai kwamba wakimbizi wengi huambiwa wakaonane na mtaalamu wa akili wasionekane tena.

Ajabu ni kwamba watu wenyewe wana maneno yao, tena yenye usahihi mkubwa. Wanyarwanda walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994 walitumia neno "ihahamuka", lenye picha ya mtu aliyekatikiwa pumzi kwa hofu. Wasomali wa Dadaab wana "buufis", neno lililochunguzwa na mtafiti Cindy Horst. Lina maana ya kutamani kupelekwa ng'ambo kwa hamu inayompanda mtu kichwani, na vile vile ule wehu unaomshika matumaini hayo yakivunjika. Neno moja lina ndani yake ndoto na ugonjwa! Washona wa Zimbabwe husema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na Daktari Dixon Chibanda wa Harare alilichukua neno hilo hilo pale alipoanza, mwaka 2006, kuwafunza akina nyanya wa mtaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi. Sisi nasi tunasema "ana mawazo" na kila mtu akaelewa kwamba hazungumziwi mwanafalsafa. Dodoso la maswali 15 lililotungwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi wanaowasili lina swali juu ya kuwaza mno, na nadhani waliolitunga walikuwa wamewasikiliza watu. Dodoso hilo hilo, hata hivyo, humwuliza mtu kama amekuwa "buluu" siku nyingi, kwa maana Mwingereza akihuzunika hupata rangi. Namwonea huruma mkalimani mchanga anayekutana na swali hilo saa mbili asubuhi.

Saa mbili, nimesema. Katika mashauri ya wakimbizi, hesabu ya saa si jambo dogo. Mkimbizi kutoka Kongo, Burundi au Somalia hajifikii tu Marekani. Huhojiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, akahojiwa tena na ofisi inayotayarisha majalada, akahojiwa na afisa wa uhamiaji, akapimwa na madaktari, na huenda miaka ikapita kati ya mahojiano moja na mengine. Kila mara husimulia usiku ule ule, na kila mara masimulizi yake hulinganishwa na yaliyotangulia. Aliyesema walivamiwa saa nane usiku, mkalimani asiye makini akaandika saa nane ya Mzungu, huonekana mwongo pale mkalimani mwingine anapoandika sawasawa. Aliyemwita mtoto wa marehemu ndugu yake "mwanangu", kama ilivyo desturi, huulizwa kwa nini damu haioani. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake mmoja wa kuunganisha familia baada ya vipimo vya nasaba vilivyofanywa kwa majaribio hapa Nairobi kuonyesha kwamba wengi hawakuwa na udugu wa damu walioudai. Ulikaa hadi 2012 kabla ya kufunguliwa. Wadanganyifu walikuwapo, sikatai. Lakini kiasi gani kilikuwa udanganyifu na kiasi gani kilikuwa tofauti ya maana ya neno "mwana"? Na yule mtoto aliyeachwa nyuma kwa sababu hiyo, mama mdogo wake atalala usingizi wa namna gani huko Ohio?

Hata nyakati za vitenzi zina siri yake. Nimepata kusoma, kwa ruhusa ya wenyewe, masimulizi ya wakimbizi yaliyonukuliwa neno kwa neno. Msimulizi huanza na "-li-", kisha husonga na "-ka-" kama apasavyo: walikuja, wakavunja mlango, wakamtoa baba nje. Afikapo mahali fulani wakati hubadilika: wanamfunga, wanamlaza chini, ananitazama. Mwalimu angeweka alama nyekundu hapo. Si kosa. Tukio hilo halijapata kuwa la jana. Kwake linatendeka sasa hivi, na ngeli ya wakati imesema kile ambacho daktari angehitaji saa nzima kukigundua. Mkalimani anayenyoosha sarufi, akayarudisha yote katika wakati uliopita, hufuta dalili kwa nia njema kabisa.

Nami nimefanya dhambi iliyo jirani na hiyo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaletea wanafunzi sentensi za Kiswahili cha Kongo, "batoto" mahali pa "watoto", na maneno ya Kifaransa pale ambapo sisi hutia ya Kiingereza, ili wacheke kidogo kabla ya mhadhara kuanza. Walicheka, na nikajiona mwalimu mchangamfu. Sasa nafikiri juu ya mkimbizi aliyepata ujasiri wa kusema lisilosemeka, kisha akasikia katika simu sauti ya Mkenya ikimwambia arudie kwa Kiswahili sanifu. Atarudia kweli?

Ndugu zetu Wabantu wa Somalia walionja hayo kwa namna iliyo kali zaidi. Hao ni wazao wa watu waliotekwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania na nchi za jirani, wakauzwa na kutumikishwa kwenye mashamba ya kusini ya Somalia. Huko Bonde la Juba baadhi yao wameihifadhi Kizigula, lugha ya Handeni, kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wengine wengi huzungumza Kimaay. Vita vikawafukuza hadi Dadaab. Mwaka 2002 takriban watu 12,000 kati yao walihamishiwa Kakuma kwa mabasi, na kuanzia 2003 wakapelekwa Marekani. Kwa kuwa majalada yao yaliandikwa "Somalia", ilikuwa rahisi kuwaletea mkalimani wa Kisomali cha wengi, lugha ambayo kwa baadhi yao ndiyo waliyotukaniwa na kunyang'anywa mashamba nayo. Mkalimani huyo aweza kuwa mtu mwema kupindukia. Lakini mgonjwa husikia sauti kwanza, wema baadaye. Huduma inayozingatia majeraha ingemwuliza mtu kabla ya yote: wataka nani akusemee?

Sasa niseme juu ya mkalimani mwenyewe, kwa sababu ndiye anayesahauliwa. Kanuni ya kazi yake humtaka aseme katika nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema "walinibaka", mkalimani hasemi "anasema alibakwa", husema "walinibaka". Kanuni hiyo ina sababu nzuri: humfanya daktari amtazame mgonjwa, na humzuia mkalimani kutia maoni yake. Lakini zingatieni maana yake. Kuanzia asubuhi mpaka jioni, katika vyumba vinane tofauti, kijana wa miaka 26 huwa ndiye aliyechomewa nyumba, aliyezika watoto, aliyetoroka usiku na kumwacha mzee njiani. Kiambishi "ni-" ni kidogo. Sisi wanaisimu humaliza habari zake kwa mstari mmoja wa jedwali. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba kuna jioni alipofika nyumbani, mkewe akamwuliza siku ilikuwaje, naye akashindwa kuanza sentensi kwa sababu hakujua "ni-" ni ya nani. Aghalabu wakalimani hao wenyewe waliwahi kuwa wakimbizi, wakafasiri mambo yaliyowapata. Hulipwa kwa saa. Daktari akimaliza huwa na wenzake wa kuzungumza nao. Mkalimani huenda kituo cha basi.

Mbaya zaidi ni pale mkalimani anapokuwa mtoto wa mgonjwa. Watoto hujifunza Kiingereza haraka, na zahanati isiyo na fedha huona njia ya mkato. Binti wa miaka 12 humfasiria mamake mambo ambayo mama alikuwa ameapa kwamba binti huyo hatayajua maishani.

Je, basi kusimulia ni kubaya? La hasha, na hapa ndipo jambo linapokuwa na utamu wake. Katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kundi la wanasaikolojia wa Kijerumani likiongozwa na Frank Neuner liliwafunza wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari, kuwasaidia wenzao Wanyarwanda na Wasomali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wengi wa waliosaidiwa hawakuwa tena na dalili za kuitwa wagonjwa. Mojawapo ya njia zao ilikuwa ni simulizi. Mtu hutandaza kamba sakafuni iwe maisha yake, akaweka ua pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipokuwa na msiba. Kisha husimulia kuanzia mwanzo, kwa taratibu, jiwe kwa jiwe, naye msaidizi akiandika. Na mwishoni simulizi yote iliyoandikwa hurudishwa kwake, iwe mali yake. Mashariki ya Kongo nako, katika vijiji 16, wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kijinsia walishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013. Wasaidizi wao walikuwa Wakongo wenye elimu ya sekondari waliofunzwa kazi hiyo, na wale waliopewa tiba ya vikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mafunzo yakawekwa kichwani badala ya daftarini.

Tofauti basi haiko katika kusimulia au kunyamaza. Iko katika swali la nani mwenye simulizi. Ile inayotolewa mbele ya afisa ni hati ya kusafiria: ikipungua neno, mlango hufungwa. Ile ya Nakivale humrudia msimulizi mikononi. Mkimbizi aliyesimulia mara tano ili aaminiwe, akifika Marekani na kuulizwa mara ya sita na mshauri mwenye tabasamu, atajuaje kwamba safari hii haendi kupimwa ukweli? Hapana wa kumwambia isipokuwa mkalimani, na mkalimani haruhusiwi kusema lake.

Wala tusijidanganye kwamba yote yaliletwa kutoka vitani. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2005, wa Matthew Porter na Nick Haslam, ulionyesha kwamba hali ya mkimbizi baada ya kuhama, hasa makao yake na nafasi ya kujipatia riziki, huathiri sana afya ya akili yake. Tena uligundua jambo litakalowagusa wasomaji wangu walimu: waliokuwa na elimu kubwa na hadhi nzuri kabla ya kukimbia ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Mwalimu mkuu wa Uvira akiwa anakata kuku kiwandani zamu ya usiku hana haja ya kuota ndoto za vita ili ashindwe kulala. Huduma ya kumpokea mkimbizi nchini Marekani ilipangwa kwa muda wa siku 90 za mwanzo, na nauli ya ndege aghalabu ni mkopo anaotakiwa kuulipa. Miongoni mwa wakimbizi wa Bhutan wapatao 57,000 waliokuwa wamepelekwa nchini humo tangu 2008, iliripotiwa kwamba watu 16 walijiua kati ya Februari 2009 na Februari 2012. Walikuwa wamekwisha kuokoka. Walikuwa wamefika.

Haya yote yanazidi uzito kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump alitoa agizo la kuusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Waliokuwa wamemaliza mahojiano yote, wakauza vitanda na kuwagawia majirani sufuria, walibaki na tiketi zisizo na ndege. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 kiwango kikawekwa kuwa watu 7,500 tu, nafasi nyingi zikikusudiwa Wazungu wa Afrika Kusini. Machi 2025 Kiingereza kikatangazwa kuwa lugha rasmi ya Marekani, na papo hapo ikafutwa amri ya mwaka 2000 iliyozielekeza idara za serikali kuhakikisha kwamba wasiokijua Kiingereza vyema wanahudumiwa. Kwa yule mama wa Kivu, sera hiyo ina sura moja tu: je, mara nyingine atakapoweka kiganja kifuani kutakuwa na mtu chumbani wa kusema neno "moto"?

Kambini Dadaab na Kakuma, buufis sasa haina pa kwenda. Serikali yetu ilizindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025, ikisema kwamba kambi zitageuzwa kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kujitegemea pamoja. Wakimbizi walioko Kenya ni zaidi ya laki nane. Nimesoma mengi kuhusu barabara, maji na masoko ya makazi hayo, na ni mambo mema. Lakini mtoto aliyeambiwa mwaka jana kwamba anakwenda Texas, na mwaka huu ameketi dawati la nyuma katika shule ya Turkana akitazama ukuta, ni wetu sasa. Mwalimu wake amefunzwa kumwita mzembe.

Sisi wa vyuo vikuu tunafundisha tafsiri na ukalimani, ndiyo. Katika idara nilizofundisha, mkalimani tunayemwazia ni yule wa kongamano, mwenye vidude vya masikioni na chupa ya maji. Sijaona kozi inayomweka mwanafunzi katika chumba chenye viti vitatu na mtu anayelia. Shuleni tunamfunza mtoto kwamba huzuni ni "machozi njia mbili mbili" na kumpa alama za mtindo. Hatumfunzi kutofautisha fadhaa na hofu, simanzi na majuto, kuchoka na kukata tamaa, ingawa lugha hii ina maneno ya kila kimoja. Nasema hivyo nikijua kwamba mitaala hiyo baadhi niliitia sahihi mwenyewe.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu swali la yule daktari, kwa Kiingereza, nikawataka walifasiri. Sikuwaambia lilikotoka. Karibu wote waliandika kama ilivyoandikwa na ile sauti ya simuni, na wengine walipamba zaidi. Msichana mmoja tu, aliyesomea shule ya kambini Kakuma, aliandika maswali mawili badala ya moja: la kwanza likiuliza juu ya sauti za watu, la pili likiuliza mwilini panauma wapi. Pembeni akaongeza kwa kalamu ya risasi, "Yategemea ni nani anayeulizwa." Nilimpa alama zote, kisha nikamwomba aje ofisini anieleze lile la pili.